Mbeleko ya Mama na Mlango wa Msikiti

Aliyewahi kukaa upande wa wazee siku ya kupeleka posa, hapa Tanga na katika mwambao wake wote tangu Pangani hadi Mkinga, anaijua orodha inayosomwa baada ya mahari kutajwa. Husomwa kilemba, ambacho ni cha baba wa binti. Husomwa mkaja, ambao ni wa mama, kwa kumbukumbu ya kitambaa alichofungwa tumboni baada ya kujifungua. Kisha husomwa mbeleko, ambayo nayo ni ya mama, kwa ajili ya nguo aliyombebea binti huyo mgongoni mpaka akajua kutembea. Zamani vilikuwa vitu hasa: kilemba kilikuwa kilemba, na mbeleko ilikuwa nguo inayokunjuliwa mbele ya watu. Siku hizi ni bahasha, na mara nyingi mshenga huiweka kwenye sinia bila kujua ametaja nini.

Tuseme kwanza la sharia, lisije likapotea. Mahari ni haki ya binti mwenyewe, kama ilivyobainishwa katika Surat An-Nisaa, aya ya 4. Mkaja na mbeleko ni zawadi za ada tu. Zikitolewa kwa ridhaa hazina ubaya. Zikigeuzwa kuwa kikwazo cha ndoa au zikala mahari ya binti, hapo zimetoka katika wema. Lakini ndani ya ada hiyo kuna fikra ambayo wengi wetu tumeisahau. Waliotutangulia waliona kwamba kumbeba mtoto mgongoni ni kazi, na kwamba kazi hiyo ina mwenyewe. Wakaipa jina na wakaitengea siku ya kukumbukwa mbele ya mashahidi, miaka ishirini au zaidi baada ya nguo yenyewe kuchakaa na kugeuzwa dekio.

Sasa mwenye mbeleko tunamheshimu siku ya posa, tukamnunia siku ya darasa.

Tumelazimika kuandika haya kwa sababu ya hoja iliyofikishwa kwenye kikao cha kamati ya msikiti tunaoutumikia. Mjumbe mmoja, mtu mwema na mwenye kuupenda msikiti, alipendekeza libandikwe tangazo kwenye mlango wa upande wa kina mama, kuwazuia wenye watoto wachanga wasiingie wakati wa tarawehe na wakati wa darasa. Sababu alizotoa ni mbili: kilio cha watoto na hofu ya najisi kwenye mazulia. Mwenyekiti aliahirisha uamuzi. Hata hivyo habari za kikao hutembea kuliko wajumbe wake, na ustadhati anayesomesha darasa la kina mama ametueleza kwamba wenye watoto wa mgongoni wameanza kupungua ilhali hakuna karatasi yoyote iliyobandikwa. Hao ndio mama vijana, wenye miaka 19 hadi 30, ambao kama hawatajifunza dini yao katika miaka hii ya ulezi, hatujui watajifunza lini.

Basi tuitazame mbeleko yenyewe, maana tunadhani wengi wanaotaka kuizuia hawajapata kuifunga.

Wazee wa mwambao husema kueleka. Wengi wetu siku hizi husema kubeleka. Mtoto habelekwi tangu siku ya kwanza. Siku zile arobaini hupakatwa, na hata baada ya kutolewa nje huendelea kubebwa mikononi mpaka shingo yake ikaze, jambo ambalo kwa watoto wengi hutokea kwenye mwezi wa tatu au wa nne. Ndipo mgongo huanza. Mama humweka mtoto kwanza ubavuni, kwenye nyonga, akamshika chini ya kwapa. Kisha huinama kama mwenye kurukuu, mgongo ukanyooka, na kumtelezesha nyuma. Mtoto hulala kifudifudi juu ya uti wa mgongo wa mama, miguu imepanuka huku na huku. Kanga hurushwa juu yake. Ncha moja hupita juu ya bega, nyingine chini ya kwapa, zikakutana kifuani, zikasokotwa na kufungwa. Ukingo wa chini hukusanywa chini ya makalio ya mtoto, hata akawa ameketi ndani ya nguo kama mtu aliyeketi kwenye kibao. Kabla hajasimama wima, mama hujitikisa mara mbili. Wanaume wengi hudhani kujitikisa huko ni madaha. Sivyo: hapo ndipo mama anapojua kama mtoto ameketi au ananing'inia.

Nguo nayo ina elimu yake. Doti moja ya kanga ni vipande viwili, na kwa mama wa mwambao hesabu hiyo haikosi faida, kwani kimoja ni cha kujitanda na kimoja ni cha kubebea. Kanga ya pamba iliyofuliwa mara nyingi hushika vizuri kuliko mpya, na vitambaa vya nailoni huteleza fundo na kumchemsha mtoto katika jua letu hili la Januari na Februari. Baadhi ya dada zetu wameuliza kuhusu sitara, kwa kuwa mbeleko hubana kifua na kudhihirisha umbo. Jibu ni jepesi. Nguo pana huvaliwa ndani, na kile kipande cha pili cha doti, au ushungi mrefu, huteremshwa juu ya fundo. Bibi zetu walifanya hivyo na hawakuhitaji fatwa.

Upo msemo ambao vijana wameuhamishia kwenye mpira, wakiutumia kuitania timu iliyopendelewa na mwamuzi: abebwaye hujikaza. Asili yake iko mgongoni. Mtoto anayebelekwa hakai kama gunia. Hukunja magoti, huyabana kwenye mbavu za mama, hugeuza shingo, hujirekebisha mama anapoinama kuteka maji. Na mkao huo wa magoti yaliyopanuka ndio madaktari wa mifupa wanaoupendelea kwa nyonga za mtoto mchanga, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja hukaa sawasawa ndani ya kikombe chake. Katika jamii ambazo watoto hufungwa miguu ikiwa imenyooshwa, nyonga kuteguka huonekana zaidi. Katika jamii zinazobeba watoto mgongoni, huonekana kwa nadra. Wale wanaosema mbeleko huleta matege wanaisingizia. Miguu ya kila mtoto mchanga ina upinde kidogo, nao hunyooka kadiri anavyokua na kutembea. Matege yanayobaki mara nyingi hutokana na upungufu wa vitamini D, na mtoto wa namna hiyo anahitaji kupelekwa kituo cha afya badala ya kunyimwa mgongo wa mama yake.

Kuhusu kilio, ambacho ndicho kilichozaa hoja ya kikao chetu, upo utafiti uliofanywa Montreal, Kanada, na kuchapishwa mwaka 1986. Watafiti waliwagawa wazazi mafungu mawili, wakaliomba fungu moja liwabebe watoto kwa saa nyingi zaidi kila siku, hata wasipokuwa wanalia. Watoto hao walipofikia wiki sita, kilio chao kilikuwa pungufu kwa asilimia 43 kuliko cha wenzao. Mama yeyote wa Ngamiani au Makorora angeweza kuwaambia hivyo bure, ila si vibaya jambo likiandikwa kwa tarakimu. Kwa hiyo mtoto aliyefungwa mgongoni ndiye mwenye uwezekano mdogo wa kulia msikitini. Anayelia ni yule aliyeachwa juu ya mkeka peke yake, au aliyekabidhiwa dada yake mdogo huko uani, anayesikia sauti ya mama bila kumwona.

Jambo la kushangaza ni kwamba hospitali kubwa za dunia zimerudi kwenye nguo hii. Mwaka 1978 mjini Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatia joto. Akawaambia mama zao wawaweke vifuani, ngozi kwa ngozi, wafungwe kwa nguo, wakae hivyo usiku na mchana na wanyonyeshwe maziwa ya mama. Njia hiyo ikaitwa kangaruu, kwa mfano wa mnyama wa Australia abebaye mtoto wake katika mfuko wa tumbo. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kuwa ni ya maskini wasio na mashine, na hata ilipokubalika, ilianzishwa baada ya hali ya mtoto kutulia. Kisha ukafanyika utafiti chini ya Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, nazo ni India, Ghana, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu, kwa watoto waliozaliwa na uzito wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Waliofungwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki 12 katika kila 100 ndani ya siku 28 za mwanzo. Waliosubirishwa kwenye mashine kwanza walifariki karibu 16. Yaani kifua cha mtu na kipande cha nguo viliokoa robo ya wale ambao wangekufa. Mwaka 2022 Shirika hilo likatoa mwongozo mpya kwamba mtoto njiti awekwe kifuani mara moja, na likahimiza familia nzima ishiriki. Katika wodi za nchi hii nguo inayotumika ni ileile tunayoijua, kanga au kitenge.

Hata ile mikoba ya kubebea watoto inayouzwa madukani, yenye mikanda na vifungo, ambayo baadhi ya vijana wetu huiona ni ustaarabu kuliko kanga ya mama zao, ina nasaba ya huku kwetu. Ann Moore, muuguzi wa Kimarekani, alifanya kazi Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960, akawaona mama wa huko wakiwabeba watoto mgongoni kwa nguo, nao watoto wametulia. Aliporudi kwao na kujifungua, alijaribu kumfunga mwanawe vivyo hivyo. Alipoona anateleza, mama yake mzazi akamshonea mfuko. Ukawa bidhaa, ukaitwa Snugli. Anayetaka kununua anunue, mradi mtoto asining'inizwe kwa kinena, miguu ikibembea kama mishipi ya wavuvi.

Tuje sasa kwenye hukumu. Katika Surat Maryam, aya ya 27, Qur'ani inaeleza kwamba Maryam aliwaendea watu wake akiwa amembeba mtoto wake. Hakumficha wala hakumwacha chini ya mtende. Alikuja naye mbele ya kaumu iliyokuwa tayari kumshutumu. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa kutoka kwa Abu Qatada (r.a.) habari ya Mtume (s.a.w.) kuswali huku amembeba Umama, binti wa Zainab, yaani mjukuu wake kwa binti yake. Alipokwenda kusujudu alimweka chini, aliposimama alimbeba tena. Mapokezi ya Muslim yanabainisha kwamba alikuwa akiwaswalisha watu, na mtoto alikuwa begani. Tuzingatie vema: imamu, mbele ya maamuma, ana mtoto wa kike begani, katika jamii ambayo kizazi kimoja nyuma walikuwamo waliowazika mabinti wakiwa hai.

Wapo wanazuoni waliojaribu kuifinya hadithi hiyo. Wengine walisema ilikuwa swala ya sunna, wengine wakasema imefutwa, wengine wakasema ilikuwa dharura. Imamu Nawawi, ambaye sisi wafuasi wa madhehebu ya Shafi katika mwambao huu tumelelewa juu ya vitabu vyake, alizikataa kauli hizo katika sharhe yake ya Sahihi Muslim, akasema hazina dalili. Kwake hadithi inathibitisha kwamba inafaa kumbeba mtoto katika swala ya faradhi na ya sunna, kwa imamu, maamuma na mwenye kuswali peke yake. Na kwamba miili ya watoto na nguo zao huhukumiwa kuwa ni tohara mpaka najisi ithibitike. Hofu peke yake haitoshi kuthibitisha najisi.

Ikithibitika, fiqhi haikutuacha gizani. Mama akijua kwamba nepi ya mtoto imechafuka, asiswali huku amembeba. Ambadilishe kwanza, au amweke pembeni yake kwenye kitambaa. Mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajafika miaka miwili na hajalishwa chochote isipokuwa maziwa hutoharishwa kwa kunyunyiziwa maji yakaenea mahali pake. Wa mtoto wa kike huoshwa. Zulia lililochafuka hutoharishwa kwa maji. Tumeshafanya kazi hiyo mara kadhaa katika msikiti wetu, na kwa kweli mvua iliyopenya paani Aprili ilitupa taabu kubwa zaidi.

Na kilio? Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika swala akiwa na nia ya kuirefusha, kisha akisikia kilio cha mtoto akaifupisha, kwa kuijua taabu ya mama yake. Maana yake ni kwamba mtoto alikuwapo, na mama alikuwa nyuma katika safu. Kilichorekebishwa ni urefu wa swala. Hatujaona mapokezi yanayosema mama huyo aliambiwa abaki nyumbani.

Kuna sehemu ya habari hii inayowahusu wanaume. Umama alibebwa na babu yake. Katika mitaa yetu baba akionekana na mtoto mgongoni, vijana wa barazani humcheka, na wenye midomo mirefu husema amelishwa kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka kwa baba likizo ya siku 3 mwanawe anapozaliwa, na kwa mama siku 84. Ila hakuna sheria inayomzuia baba kumbeba mtoto saa moja kila jioni kati ya Magharibi na Isha, mama akapata kuswali kwa utulivu au kulala tu. Kwa wanaoona haya kanga, shuka la kikoi linafaa vilevile, na kwa upana wake hufunga vizuri zaidi.

Tusiipambe mbeleko kupita kiasi, maana ina hatari zake. Mtoto aliye mgongoni mwa abiria wa bodaboda ndiye wa nyuma kabisa: hana kofia, hana cha kushika, na ndiye wa kwanza kufikiwa na gari linalotoka nyuma. Anayelazimika kusafiri apande daladala au bajaji. Mama anayekaanga samaki karibu na soko la Deep Sea, mafuta yakiwa yanachemka, ampe mwenzake mtoto kwa muda huo, na mwenzake asikatae. Mtoto asifunikwe gubigubi hadi puani kwa kuogopa upepo au jicho. Pua na mdomo vionekane, na kidevu kisigandamane na kifua. Na kina mama wa mwani wa vijiji vya Mkinga na Pangani, wanaoingia majini maji yakipwa na watoto migongoni, kisha wakainama kwa saa nyingi juani, wanastahili kutazamwa na jamii kwa jicho la msaada. Mahali pa kivuli ufuoni na bibi mmoja wa zamu vingewatosha.

Hatari nyingine haitajwi sana, nayo ni ya binti wa miaka minane mwenye mdogo wake mgongoni saa ambazo wenzake wako chuoni. Kumsaidia mama ni jambo jema. Lakini katika daftari la madrasa yetu tunaona majina ya mabinti yanayokatika kila nyumba inapopata mtoto mpya, na majina ya kaka zao hayakatiki. Hilo nalo ni jambo la kuuliza majumbani mwetu.

Kwa upande wa msikiti, tumependekeza kwa maandishi yafuatayo. Safu mbili za mwisho za upande wa kina mama, zilizo karibu na mlango, ziwe za wenye watoto, zitandikwe mikeka ya ukili juu ya zulia, ambayo huoshwa na kuanikwa kwa urahisi. Liwekwe pipa lenye kifuniko kwa ajili ya nepi, na ndoo ya maji yenye bomba kando ya mlango. Katika tarawehe mama aliyechoka anaweza kutoka baada ya rakaa nane bila kupita mbele ya wenzake. Darasa lipunguzwe kutoka dakika 90 hadi 60, maana hata wazee wasio na watoto husinzia katika nusu saa ya mwisho. Gharama yote haifikii bei ya spika moja katika zile nne tulizonunua mwaka jana.

Hoja hiyo imewekwa katika ajenda ya kikao kijacho, Jumapili baada ya swala ya Isha, namba 3, chini ya matengenezo ya pampu ya kisima. Mwenyekiti amekubali kikao kifanyike ukumbini badala ya ofisini, ili kina mama wasikilize na wasema wao. Ustadhati ameshawapelekea habari, na tumemwomba awaambie waje na watoto wao.